Tuseme: Tamthilia Isiyo na Kitabu

Mwanafunzi wa fasihi akisikia neno tamthilia, fikra zake hukimbilia kitabu. Penina Muhando tunamjadili kwa Hatia (1972) na Nguzo Mama (1982), lakini Tuseme wengi wetu huipita. Ati haina kitabu, kwa hiyo si fasihi!

Tuseme ilianzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye FAWE, shirika linaloshughulikia elimu ya wasichana, liliieneza katika nchi nyingine za Afrika. Utaratibu wake ni huu: wasichana wa sekondari hutaja wenyewe mambo yanayowakwamisha masomoni, huchambua chanzo chake, hutunga igizo, kisha huliigiza mbele ya wenzao, walimu na wazazi. Likimalizika huja mjadala, na baada ya mjadala hupangwa la kufanya.

Sasa, fani iko wapi? Iko kwa mhusika. Msichana hawezi kuingia ofisini na kusema kwamba mwalimu fulani anamtaka. Jukwaani anaweza, kwa sababu anayesema si yeye, ni mhusika. Hadhira inaelewa, naye anajua kwamba inaelewa, lakini hakuna wa kumbana.

Jambo hili lina mizizi. Katika unyago pia msichana hufundwa kwa nyimbo, ngoma na maigizo. Tofauti ni kwamba kule kungwi ndiye msemaji, mwali husikiliza, na mambo huwa ya siri. Tuseme imegeuza kibao: mwali ndiye anayewafunda wakubwa, tena hadharani.

Hapo ndipo penye hatari. Igizo likiisha, mhusika huondoka. Msichana hubaki shuleni na mwalimu yule yule. Mjadala ukifupishwa ili mgeni rasmi ahutubie na kupigiwa makofi, basi binti ameachwa peupe. Kwa hiyo mhakiki wa Tuseme asiishie kwenye maudhui na mavazi. Aulize: nani alikuwa ukumbini? Nani alisema baada ya igizo? Nini kilibadilika?

Katika Nguzo Mama, wanawake wanahangaika na nguzo yao na hawafanikiwi kuisimamisha. Sisi wahakiki tunaweza kuusifu mwisho huo, maana ni wa kitabuni. Katika Tuseme nguzo ni mtoto wa mtu, na kesho yake ana kipindi.