Nyayo za kasa: Waraka wa mchangani ufutwao na maji

MKAZI wa Mji wa Kale, Mombasa, hana haja ya kusafiri hadi Tsavo ndipo azione nyayo za mnyamapori. Akivuka daraja la Nyali kabla ya jua kuchomoza, huenda akakuta ufuoni alama pana mithili ya tairi la trekta, zikitoka majini hadi kwenye vichaka na kurejea. Hapo amepita kasa jike aliyepanda usiku kutaga.

Sehemu kubwa ya ukingo wa kisiwa ni miamba, ilhali kasa huhitaji mchanga wa kuchimba. Ndiyo maana nyayo zake hutafutwa katika fuo kama Nyali na Bamburi, mkabala wa hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka wa 1986.

Jambo la kwanza ni kumtambua mwenye nyayo. Kasa wa kijani, atagaye kwa wingi zaidi katika pwani ya Kenya, husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Alama za kushoto na kulia hulingana, na njia yake hufikia upana wa mita moja hivi. Ng'amba, ambaye ni mdogo, hupiga pezi moja baada ya jingine, na alama zake hupishana.

Pili ni mwelekeo. Pezi husukuma mchanga nyuma, hivyo vilima vidogo vya mchanga huonyesha alikotoka. Njia mbili zinapokatana, iliyo juu ndiyo ya kurudi.

Tatu ni kubaini iwapo alitaga. Mchanga uliochimbwa na kutawanywa mahali papana ni dalili ya kiota. Lakini kasa akishtuliwa na taa au watu, aghalabu hugeuka bila kutaga. Safari hiyo nayo huandikwa, maana yaeleza usumbufu uliopo ufuoni.

Mwandishi wa kumbukumbu hupima upana kutoka ncha ya nje ya alama moja hadi ya pili, kwa mstari uliokata njia sawasawa. Huandika tarehe, saa, mahali na umbali kutoka maji yanapokomea yakijaa, kisha hupiga picha akiwa ameweka rula kando. Akimaliza, huifuta njia ile: isihesabiwe mara mbili, wala isimwongoze mwizi wa mayai.

Hesabu yenyewe yataka uangalifu. Jike mmoja hutaga mara kadhaa katika msimu, kila baada ya majuma mawili hivi, na huenda asirudi hadi miaka miwili au zaidi ipite. Kwa hiyo viota kumi si kasa kumi.

Tamaa ya mali ya kasa si ngeni kwetu. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani hii. Leo kasa analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Hata hivyo, ukuta ukijengwa ufuoni humzuia kupanda, nazo taa za majengo huwapoteza vifaranga waelekeapo baharini, hata kama hakuna aliyegusa yai.

Hapo ndipo daftari la nyayo linapopata thamani. Mradi mkubwa wa ujenzi ufuoni hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Anayedai kwamba kasa hutaga mahali fulani ataulizwa ushahidi. Maji yakijaa mara moja tu, nyayo zilizo mchangani hupotea. Zilizoandikwa kwa tarehe na vipimo ndizo zitakazoweza kumtetea kasa mbele ya wenye uamuzi.