Kifaa Kidogo cha Kupima Mtandao: Je, Kikundi Chetu Kikipokee?



Wengi wetu tunakikumbuka kipima mvua cha misheni au cha shule. Kilisimama mahali peupe, mbali na miti, na kila siku saa tatu asubuhi mtu mmoja alikwenda kuyapima maji na kuandika katika fomu. Fomu zilipelekwa kwa Idara ya Hali ya Hewa. Kipimo cha siku moja, mahali pamoja, hakikuwa na maana kubwa. Lakini watu wengi walipopima kila siku, mahali pengi, mwaka baada ya mwaka, ndipo nchi ilipojua mvua inanyesha wapi na ukame unaanza lini. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku hizi kuna kazi ya namna hiyo hiyo, ila kinachopimwa si mvua. Ni mtandao wa intaneti. Watu wa kujitolea wanakubali kuweka kifaa kidogo nyumbani au ofisini, nacho kinapima mtandao mchana na usiku. Toleo hili tunataka kueleza kazi hiyo, ili kikundi kikiombwa kukipokea kifaa hicho kijue kinaitikia nini.

KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU?

Zamani intaneti ilikuwa mambo ya mjini. Leo ripoti ya ushuru, maombi ya mkopo, bei za soko, masomo ya watoto na kazi za zahanati zinapitia huko. Mtandao ukikwama, mama aliyetembea kilomita kadhaa kuja kujaza fomu anarudi nyumbani bila kitu, na nauli imekwisha.

Tunapiga simu kwa kampuni. Tunaambiwa, "Zima rauta, uwashe tena." Tunafanya hivyo. Kesho inakuwa yale yale, na tukiulizwa shida ilianza saa ngapi na ilidumu kwa muda gani, kila mtu anasema lake. Malalamiko bila kumbukumbu ni kelele tu. Malalamiko yenye tarehe, saa na vipimo ni ushahidi.

HUDUMA HII NI YA NANI?

Huduma tunayoieleza inaitwa RIPE Atlas. Ilianzishwa mwaka wa 2010 na RIPE NCC, shirika lisilotafuta faida lililo mjini Amsterdam, Uholanzi. Kazi yake kubwa ni kugawa namba za intaneti kwa nchi za Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati. Hapa Afrika kazi ya kugawa namba hizo ni ya AFRINIC, iliyoko Mauritius.

Hata hivyo vipimio vya RIPE Atlas havikubaki Ulaya. Vinavyofanya kazi ni zaidi ya 12,000, katika nchi zaidi ya 160, na Kenya imo. Vingi viko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika tunavyo vichache, na hivyo vichache viko zaidi mijini. Maana yake ni kwamba shida ya mtandao wa kijijini haionekani sana katika vipimo vya dunia. Mahali pasipo na kipima mvua, ukame wake hauandikwi.

Mpango wenyewe ni kama harambee. Shirika linatoa kifaa bure na kuzitunza kompyuta kuu zinazokusanya majibu. Mwenyeji anatoa mahali, stima na laini ya intaneti. Majibu yako wazi kwa wote: mwanafunzi, fundi, kampuni au mwananchi wa kawaida.

KIFAA KINAFANYA NINI?

Kipimio kinaenea kiganjani. Kina waya wa stima kama ule wa chaja ya simu, na waya mwingine unaoingia katika rauta. Hakina skrini. Kazi zake kubwa ni hizi:

1. Kubisha hodi. Kinatuma ujumbe mdogo sana kwa kompyuta ya mbali na kuhesabu muda hadi jibu lirudi. Muda huo unahesabiwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

2. Kufuata njia. Kinauliza ujumbe umepitia vituo gani hadi kufika, kama msafiri anayetaja kila stendi aliyopita.

3. Kuuliza majina. Kila tovuti ina jina na pia ina namba. Kipimio kinaangalia kama wale wanaobadilisha jina kuwa namba wanajibu upesi na sawasawa.

Kazi hizi kinazirudia bila kuchoka, nyingine kila baada ya dakika chache.

JINSI YA KUSOMA MAJIBU

Hapa ndipo faida ilipo, kwa sababu kipimio kinapima hatua moja moja kuanzia hapo kilipo. Hebu tuseme mtandao wa kikundi umekuwa mzito leo.

Kama jibu kutoka kwa rauta yenu wenyewe linachelewa, shida iko nyumbani. Huenda waya umelegea, rauta imezeeka, au watu wengi wanatazama video kwa wakati mmoja. Msiilaumu kampuni bado.

Kama rauta inajibu vizuri lakini hatua inayofuata inachelewa, shida iko kati yenu na kampuni: laini, busta, au kituo chao. Hapo mnayo haki ya kupiga simu, tena mkiwa na saa na tarehe mkononi.

Kama kompyuta za hapa Kenya zinajibu upesi lakini za ng'ambo zinachelewa, huenda shida iko mbali, hata baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na watu wa nchi nyingi za Afrika Mashariki wakaona mtandao umekuwa wa polepole. Siku kama hiyo kuzima rauta na kuiwasha hakusaidii kitu.

Kipimio kimoja kinaweza kukosea. Lakini vipimio kumi vya kampuni mbalimbali vikisema jambo moja, ni vigumu kubisha.

MFANO WA HAPA KWETU

Kuna jambo lililotokea Kenya linaloonyesha thamani ya kujua ujumbe unapita njia gani. Zamani kampuni za intaneti hapa nchini hazikuwa na mahali pa kukutana. Barua pepe ya kutoka Kitui kwenda Mwingi, kama watu hao wawili walikuwa na kampuni tofauti, ilipaa hadi kwa setilaiti, ikaenda ng'ambo, ndipo irudi Kenya. Na safari hiyo yote ililipiwa kwa pesa za kigeni.

Mwezi wa Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua makutano yao jijini Nairobi, yaitwayo KIXP. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya peke yake katika mawasiliano ya nje, ililalamika, na makutano yakafungwa Desemba mwaka huo huo. Baada ya mabishano marefu yalifunguliwa tena Februari 2002. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2012 kwa ajili ya shirika la Internet Society ilieleza kwamba muda wa ujumbe wa hapa kwa hapa ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 ukawa milisekunde 2 hadi 10.

Tazama basi: waliosema "njia ni ndefu mno" walikuwa wakisema kweli, na kipimo kikathibitisha. Hata leo ujumbe wa mahali fulani unaweza kuwa unazunguka nchi za mbali bila sababu, na hakuna atakayejua kama hakuna anayepima.

MAMBO AMBAYO HAKIFANYI

Tusidanganyane. Kipimio hakiongezi kasi ya mtandao, kama vile kipima mvua hakileti mvua.

Pia hakipimi kama mnapata kasi yote mliyolipia. Kuna tofauti kati ya upana wa barabara na muda wa safari. Kipimio kinaangalia muda wa safari, njia, na kama mnafika. Upana wa barabara unapimwa kwa namna nyingine.

Tena hakileti pesa. Mwenyeji anapata pointi 15 kwa kila dakika kifaa kikiwa kimeunganishwa, yaani 21,600 kwa siku. Pointi hizo haziwezi kugeuzwa kuwa shilingi. Zinatumika kuagiza vipimo vyenu kwa kutumia vipimio vya wengine, au mnaweza kumpa mtu mwingine, kwa mfano mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti. Mtu akiwaambia mchange pesa ili mpate pointi za kuuza, huyo ni tapeli. Mfukuzeni.

WASIWASI WA WANANCHI

"Je, kitasoma ujumbe wetu?" Kipimio kinatuma ujumbe wake chenyewe na kusubiri jibu. Hakikuwekwa kusikiliza yale mnayotuma ninyi. Waanzilishi pia walizuia watu kukitumia kufungua tovuti yoyote wanayotaka, ili mwenyeji asije kuulizwa kwa nini laini yake ilitembelea mahali pabaya. Hata hivyo ni lazima kusema wazi: hiki ni kifaa cha wengine ndani ya nyumba yenu, na eneo lenu kwa makadirio pamoja na kampuni inayowapa intaneti vitaonekana na watu wote. Wanachama wasiporidhika, wana haki ya kukataa.

"Kitakula bando?" Hili ni swali la maana sana. Kipimio kinatumia kidogo, kilobiti chache kwa sekunde, lakini hakilali. Kilobiti 5 kila sekunde kwa siku 30 zinazidi gigabaiti moja na nusu. Kwa laini inayolipiwa kwa mwezi bila kikomo, si kitu. Kwa kikundi kinachonunua bando kidogo kidogo, ni hasara. Ushauri wetu ni huu: kama mnanunua bando, msikipokee.

"Na stima ikipotea?" Kitazimika, na kikirudishiwa stima kitaendelea chenyewe. Kupotea kwa stima mara moja moja si kosa. Kosa ni kukipokea, kisha mtu akakichomoa ili achaji simu, na kikae kabatini mwaka mzima.

HATUA ZA KUFUATA

1. Mjadili katika mkutano, na katibu aandike uamuzi katika kumbukumbu.
2. Kama laini si ya kikundi, bali ni ya parokia, shule au zahanati, ombeni ruhusa ya mwenyewe kwanza.
3. Chagueni mtu mmoja wa kukitunza, na msaidizi wake.
4. Mtunzaji afungue akaunti katika tovuti ya RIPE Atlas na kutuma maombi. Kwa kuwa vifaa hutolewa kwa kuangalia mahali vinapohitajika, elezeni wazi mko wapi.
5. Kifaa kikifika, kisajiliwe kufuatana na maagizo yanayokuja nacho, kisha kiunganishwe na rauta.
6. Bandikeni karatasi: KIFAA CHA KIKUNDI. USICHOMOE.
7. Kila mwezi mtunzaji asome majibu mbele ya wanachama, hata kama ni kwa dakika tano.

Kuna pia programu, iliyotolewa mwaka wa 2020, inayofanya kazi hiyo hiyo ndani ya kompyuta. Hiyo inawafaa wenye fundi wa karibu.

NA WASIO NA LAINI?

Chukueni daftari. Kwa mwezi mmoja, asubuhi, mchana na jioni, mtu mmoja afungue ukurasa ule ule kwa simu ile ile, aandike tarehe, saa, na sekunde ngapi ulichukua kufunguka. Ukikataa kufunguka, aandike hivyo hivyo. Asiongeze chumvi wala asifiche siku nzuri. Kipimo cha haki hakina upande.

Daftari hilo lipelekeni kwanza kwa kampuni, mkabaki na nakala. Wasiposikia, malalamiko yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hapo hamtakuwa mnasema "mtandao ni mbaya". Mtakuwa mnasema ulikuwa mbaya siku zipi, saa ngapi, na kwa muda gani.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mwezi uliopita tulipoteza nini mtandao ulipokwama? Nani aliandika?
2. Laini tunayotumia ni ya nani, nayo inalipiwa vipi?
3. Kama tukipokea kipimio, nani kati yetu ataaminiwa kukitunza wakati hakuna anayemwangalia?

Swali hilo la tatu lijibuni kwanza. Kipima mvua cha misheni hakikuwa na maana yoyote bila yule mtu aliyekwenda kila asubuhi.