Uzamili wa Mawasiliano: Tasnifu Isikushinde

Mimi mtoto wa Likoni, kazi ya redio imenileta Kericho. Vijana wa nyumbani huniuliza: tusome uzamili wa mawasiliano na huku tunafanya kazi?

Kwa kawaida ni miaka 2: kwanza darasa, kisha utafiti na tasnifu. Asiye na ajira husoma mchana na humaliza mapema. Mwajiriwa husoma jioni au wikendi. Darasa hulimaliza, tasnifu ndiyo humshinda. Mimi nilikwama, karo ikiniuma, mpaka nilipochagua mada ya kazini: wakulima wadogo wa Kericho na Bomet hupataje habari za bonasi ya chai kupitia redio za Kikalenjin? Wa kuwahoji nilikuwa nao kila siku.

Nawe wa Likoni, matangazo ya feri huwafikiaje abiria? Tafuta mada kwanza, karo baadaye.