Kapteni Round, mtu aliyejua sauti inatoka wapi

Wengi wenu mnayo redio nyumbani. Leo tunaomba muichukue mkononi kabla hamjaendelea kusoma. Iwe ile ndogo ya betri, na muifungulie kituo cha masafa ya kati. Usiku ni rahisi zaidi kukipata. Sasa igeuzeni polepole hapo hapo mlipo. Mtasikia sauti inafifia, kisha inapanda tena. Redio haijaharibika. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, nacho ndicho kinachonasa mawimbi. Kikikikabili kituo kwa ubavu kinanasa vizuri. Ncha yake ikielekea kituoni, sauti inakuwa hafifu kabisa.

Kumbe basi redio hainasi sauti tu. Inaweza pia kutuonyesha sauti inatoka wapi. Mtu mmoja aliyelifanyia kazi jambo hili mpaka likazitoa manowari bandarini ni Henry Joseph Round.

Round alizaliwa Uingereza tarehe 2 Juni, 1881. Mwaka 1902 aliajiriwa na kampuni ya Marconi, yule Mwitalia aliyeeneza simu ya upepo. Siku hizo hakukuwa na matangazo ya redio. Simu ya upepo ilipeleka milio tu, mifupi na mirefu, na msikilizaji akaigeuza kuwa herufi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, simu hiyo ilikuwa kitu cha kuogopwa. Hata kwetu iliogopwa. Tarehe 8 Agosti, 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam, kwa sababu Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo pale. Huko Ulaya Round aliingizwa jeshini, akawa kapteni upande wa upelelezi.

Kazi yake ilikuwa hii. Fikirini ngoma inapigwa usiku, nanyi hamjui ni kijiji gani. Mmoja wenu yuko kisimani, mwingine yuko ghalani. Kila mmoja ananyoosha mkono kule anakosikia. Mistari ya mikono hiyo ikikutana, hapo ndipo penye ngoma. Round aliweka vituo vya kusikilizia, kwanza kwenye uwanja wa vita nchini Ufaransa, halafu pwani ya Uingereza. Wajerumani waliandika kwa mafumbo, lakini fumbo halifichi mahali. Akifungua tu mdomo, umempata!

Shida ilikuwa kwamba milio ya mbali ni dhaifu mno. Round alitengeneza valvu, yaani chupa za kioo za kuikuza. Zilikuwa na ukaidi wake. Kila moja ilikuwa na kichuchu, na ikianza kuzembea fundi alikipasha moto kwa kiberiti mpaka ikaamka. Aliyewahi kuwasha karabai anajua adha hiyo.

Basi tarehe 30 Mei, 1916, vituo vya Round viligundua kwamba manowari za Wajerumani zimesogea kidogo bandarini mwao. Kidogo kweli: mstari ulihama nyuzi moja na nusu tu. Wakuu wa Uingereza waliunganisha habari hiyo na nyingine walizokuwa nazo, wakaamuru manowari zao zitoke usiku ule ule, hata kabla Wajerumani hawajatoka. Kesho yake pande mbili zilikutana karibu na Denmark, katika vita vya Jutland. Meli karibu 250 zilipambana, na mabaharia zaidi ya 8,000 walikufa. Sisi hatuwezi kusema kwamba mtambo ule uliokoa watu au uliua watu. Ulifanya yote mawili.

Vita vilipokwisha, Round alizirudia valvu zake, safari hii kwa ajili ya sauti ya mtu. Tarehe 15 Juni, 1920, mwimbaji maarufu wa Australia, Nellie Melba, aliimba mbele ya mtambo wa Marconi mjini Chelmsford, na Round alikuwa miongoni mwa mafundi. Inasemekana mama huyo alipoonyeshwa mlingoti mrefu ambao sauti yake ingetokea, alidhani anatakiwa kuupanda, akakataa katakata! Aliimba akiwa chini, na watu wakamsikia nchi nyingi za Ulaya. BBC ilipoanza matangazo London mwezi Novemba 1922, ilitumia mtambo uliobuniwa na Round. Katika Vita Kuu ya Pili alirudi tena kusaidia jeshi la majini, safari hii kutafuta nyambizi kwa mwangwi chini ya maji.

Lakini kuna jambo moja la ujana wake ambalo tumeliacha makusudi. Mwaka 1907 Round alikuwa akipitisha umeme katika kaborandamu, kitu kile kile cha mawe ya kunolea visu. Alipotia volti 10, karibu sawa na betri saba za tochi, jiwe lilitoa mwanga wa manjano. Taa ya umeme ya kizamani huwaka kwa sababu waya wake umepata moto sana. Jiwe hili liliwaka bila waya wa moto. Aliandika barua fupi katika gazeti la mafundi, na hakuna aliyejali sana. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza taa nyekundu ya namna hiyo. Round alikuwa na miaka 81. Alifariki Agosti 1966, akiwa na miaka 85. Mwanga wa bluu wenye nguvu, ambao bila huo taa hizi zisingekuwa nyeupe, ulipatikana Japani miaka ya 1990.

Sasa wekeni redio chini, mchukue tochi mpya au taa ya sola. Izimeni, mtazame ndani. Mara nyingi mtaona kidoa cha manjano. Huo ni unga unaogeuza mwanga wa bluu uwe mweupe. Chini ya unga mna chembe ndogo ya jiwe la kutengenezwa kiwandani, ndogo kama punje ya ulezi, inayowaka kama lile jiwe la Round.