Je, Wajua? Salamu Ilishusha Bei ya Kahawa

Mwaka 2013, mgahawa wa La Petite Syrah mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, ulibandika bei tatu za kahawa ileile. Mteja aliyeagiza "kahawa" bila neno jingine: euro 7. Aliyeongeza "s'il vous plaît", yaani tafadhali: euro 4.25. Aliyetanguliza salamu ya "bonjour" kisha akaomba kwa adabu: euro 1.40 tu. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha uliolenga penyewe. Ufaransa, kuingia dukani na kuuliza bei kabla ya kumsalimu muuzaji ni utovu wa adabu. Jioni, badala ya "bonjour", husemwa "bonsoir". Na ukikutana tena na mtu siku hiyohiyo, usirudie "bonjour", atadhani umeshamsahau; sema "rebonjour".