Mwaka Mmoja Ndani ya Bwawa la Mindu

Paukwa! Najua mmeitika, hata ninyi mliojifunika shuka.

Mhusika wetu wa leo hana miguu wala mdomo. Amelala chali nje kidogo ya mji wa Morogoro, karibu na barabara iendayo Iringa, na jina lake ni Bwawa la Mindu. Analishwa na Mto Ngerengere na vijito vingine vinavyoteremka kutoka Milima ya Uluguru. Mji nao hunywa kutoka kwake, baada ya maji kupita kwenye mtambo wa kusafishia ulioko Mafiga.

Msidhani bwawa ni ndoo kubwa. Bwawa lina majira yake, na kila msimu lina tabia nyingine. Ndiyo maana maji ya bomba yanayong'aa Agosti yanaweza kukutokea na rangi ya chai ya maziwa mwezi Aprili, ukadhani mtu amekuchezea.

Tuanze na vuli, mwezi Oktoba hivi. Kwa miezi kadhaa mvua haijanyesha. Huko mashambani na mitaroni vitu vimelundikana: samadi, majivu ya mashamba yaliyochomwa moto, mbolea iliyobaki, takataka, na (mniwie radhi mnaokula) vinyesi vya wasio na vyoo. Siku moja wingu linafunga, mvua inashuka. Sisi tunakimbilia nje kuchezea maji. Bwawa, maskini, linapokea siku hiyohiyo uchafu wa kiangazi kizima.

Kwa hiyo mvua ya kwanza ni chafu kuliko ya kumi, kwa sababu ya kumi inakuta ardhi imekwisha kuoshwa. Bibi yangu hakusoma hayo darasani, lakini hakuturuhusu kukinga maji ya bati siku ya mvua ya kwanza. "Acheni nyumba inawe uso," alikuwa akisema.

Kisha masika, kuanzia Machi hadi Mei. Sasa mito imevimba. Pale miteremko ilipolimwa bila matuta na miti ikakatwa, udongo hauna wa kuushika mkono, unashuka na maji. Mchanga ukifika bwawani huzama upesi na kutulia chini, ambako kidogo kidogo hula nafasi ya maji. Udongo wa mfinyanzi ndio msumbufu. Chembe zake ni ndogo mno, na kila moja imebeba umeme kidogo wa aina ileile, hivyo zinasukumana kama mabeberu waliokutana kwenye daraja jembamba. Hakuna anayekubali kumkaribia mwenzake, basi hakuna anayezama. Unaweza kuacha ndoo usiku kucha, asubuhi ukakuta bado maji ni ya tope.

Dawa yake wazee waliijua: shabu. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akichovya kipande cha shabu ndani ya ndoo na kukizungusha mara chache. Jirani yetu alitwanga mbegu za mlonge. Vyote viwili hufanya kazi ya msuluhishi: vinautuliza ule umeme, mabeberu wanaacha ugomvi, wanashikana kuwa madonge, na madonge yanazama. Mitambo mingi mikubwa ya maji duniani hutumia shabu au dawa za ukoo wake, kisha maji hupitishwa kwenye chujio la mchanga, na mwisho hutiwa klorini ya kuua vijidudu.

Hapo kwenye klorini pana hila. Tope na mabaki ya majani huila klorini kabla haijawafikia vijidudu, na vijidudu vyenyewe hujificha nyuma ya chembe za udongo kama watoto nyuma ya kanga ya mama. Msimamizi wa mtambo hana budi kuyasafisha maji zaidi na kuongeza dawa. Kwa hiyo masika ukisikia harufu ya klorini kwenye glasi, usinune. Mimi huogopa zaidi maji ya masika yasiyonukia chochote, yaliyotoka kisimani kwa mtu nisiyemjua.

Mvua zikikatika, kuanzia Juni, tope linatulia na maji yanakuwa meupe. Watu wengi hudanganyika hapa, wakadhani maji maangavu ndiyo maji salama. Bwawani jua sasa linapenya hadi ndani, na mbolea iliyoletwa na mvua bado imo. Jua, mbolea na utulivu: mwani utatamani nini zaidi? Unazaana. Baadhi yake, pamoja na bakteria fulani, hutengeneza kitu kiitwacho geosmini. Mnakijua, ingawa hamkijui jina: ndiyo ile harufu ya ardhi ikiguswa na mvua, ndiyo pia ladha ya tope kwenye baadhi ya samaki. Pua ya binadamu ni kali mno kwa geosmini. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kunukisha mabwawa 100 ya kuogelea ya Olimpiki! Haidhuru mtu, inaudhi tu.

Anayeweza kudhuru ni mwani wa kijani-bluu, ambao kwa kweli ni bakteria. Baadhi yao hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mkiona ziwani au bwawani utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msinywe, msiogelee, na mbuzi wasinywe.

Bado kuna jambo linalotokea gizani. Kwenye maji yenye kina, maji ya juu hupashwa na jua, yakawa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi. Tabaka mbili zinakaa pamoja bila kuchanganyika. Mwani unaokufa huzama, bakteria wa chini wanaula na kuimaliza oksijeni. Bila oksijeni, chuma na manganizi vilivyo kwenye tope huyeyuka majini. Kisha inakuja baridi na upepo wa kusi, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, na tabaka zinachanganyika. Kwenye Ziwa Viktoria hilo hutokea hasa Juni na Julai. Maji ya chini yakipanda na kukutana na hewa, chuma hugeuka kutu, na shati jeupe la shule hutoka kwenye beseni na madoa. Ndiyo sababu mabwawa mengi makubwa hujengewa mnara wenye madirisha ya kutolea maji kwa vina mbalimbali, ili msimamizi achague tabaka iliyo nzuri siku hiyo.

Mindu naye hahifadhi kila kitu. Ngerengere huendelea na safari hadi kuungana na Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mtoto wa Kimara, jijini Dar, na mtoto wa Morogoro wana mlima mmoja kwenye glasi zao.

Basi kesho asubuhi kinga maji ya bomba kwenye glasi, iweke juu ya karatasi nyeupe dirishani, nusa, tazama, na uandike tarehe na ulichokiona kwenye daftari. Rudia kila wiki hadi masika ijayo, kisha uniletee hilo daftari.