Mkandarasi Anaposhika Kalamu ya Msanifu: Bima ya Dhima ya Kitaaluma na Ujenzi wa Ufipa

Sheria za Tanzania zinazoongoza sekta ya ujenzi zimewagawa wanataaluma wake katika bodi tofauti, ambapo makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi na wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, zote mbili kwa sheria za mwaka 1997, huku wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wakiwa na bodi yao inayoongozwa na sheria ya mwaka 2010. Mgawanyo huo umesimama juu ya dhana kwamba anayechora ni mmoja na anayejenga ni mwingine, na kwamba kosa la kila mmoja laweza kubainishwa na kudaiwa peke yake. Hata hivyo, wenye miradi wengi sasa huvutiwa na mkataba wa kusanifu na kujenga, yaani mkataba ambao mkandarasi mmoja huchukua jukumu la kuandaa michoro na mahesabu ya kihandisi pamoja na kuitekeleza kazi yenyewe. Mkoa wa Rukwa unaufahamu utaratibu huo kwa karibu, kwa sababu barabara ya lami ya kilomita 112 kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ilijengwa kwa njia hiyo.

Utaratibu huu haukubaki kwenye miradi mikubwa. Chama cha ushirika cha msingi kinachotaka ghala la mahindi, parokia inayotaka ukumbi au mwenye shule binafsi anayetaka bweni huona ni nafuu kumkabidhi mkandarasi mmoja kila kitu, kuanzia ramani hadi ufunguo, kwa kuwa huokoa muda na huepuka kusukumwa huku na huku pale mambo yanapoharibika. Unafuu huo una gharama ambayo aghalabu haionekani siku ya kutia saini, nayo ni kwamba mkandarasi aliyekubali kuchora amejitwika dhima ya pili, ambayo bima alizozoea kukata hazimkingi nayo. Dhima ni wajibu wa kisheria wa kubeba hasara iliyompata mtu mwingine, na bima iliyoundwa kwa ajili ya dhima inayotokana na ushauri, mahesabu na michoro huitwa bima ya dhima ya kitaaluma. Bima hiyo humlipia mtaalamu fidia anayodaiwa pale uzembe wake wa kitaaluma, yaani kushindwa kutumia ujuzi na uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa taaluma yake, unapomsababishia mwingine hasara, na kwa kawaida hugharimia pia utetezi wake mahakamani au mbele ya msuluhishi.

Ardhi inayompima msanifu

Umuhimu wa bima hiyo katika Ufipa unatokana kwanza na maumbile ya nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa, ambao mji wa Sumbawanga umekaa juu yake kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, umo katikati ya mabonde mawili ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa: upande wa magharibi uko mteremko wa Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki ardhi huporomoka kwa ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Nyufa za chini ya ardhi zilizoyaumba mabonde hayo bado zina uhai. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, eneo hili lilipigwa na tetemeko la ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyorekodiwa Afrika Mashariki, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko jingine la ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la Ziwa Tanganyika.

Kwa mjenzi anayefuata michoro ya mwingine, historia hiyo ni jambo la msanifu. Kwa mkandarasi aliyechora mwenyewe, inakuwa sehemu ya yale ambayo sheria inamtarajia ayajue, kwa hiyo nguzo zisizofungwa vizuri kwenye boriti, kuta ndefu za matofali ya kuchoma zisizo na lenta inayozunguka jengo lote, au msingi uliowekwa bila vipimo vya udongo kwenye mfinyanzi mweusi wa mabondeni, ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi, vyote vyaweza kuhesabiwa kuwa uzembe wa kitaaluma. Bima ya dhima ya kitaaluma haimlipi mtu kwa sababu ardhi imetetemeka. Inachogusa ni madai kwamba msanifu alipuuza jambo ambalo mwenzake mwangalifu asingelipuuza.

Ghala moja, bima tatu

Tofauti kati ya bima hii na nyingine huonekana vizuri zaidi katika jengo la aina inayojulikana sana Rukwa. Mkoa huu ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mahindi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kituo chake Sumbawanga. Ichukuliwe kwamba chama cha ushirika cha huko Laela kimempa mkandarasi kazi ya kusanifu na kujenga ghala, na kwamba magunia yatapangwa hadi mita 5 kwenda juu. Rundo la mahindi la kimo hicho huweka takriban tani 3 juu ya kila mita ya mraba ya sakafu, ilhali sakafu ya nyumba ya kuishi kwa desturi husanifiwa kwa uzito wa kilo 150 hadi 200 tu kwa eneo hilohilo. Sakafu inaweza kuharibika kwa njia tatu, na kila njia ina mlango wake wa malipo.

Njia ya kwanza ni ajali wakati kazi ikiendelea, kama vile mvua kubwa ya Januari kubomoa ukuta ambao haujafungwa na kuuangushia jamvi, yaani zege la sakafu, lililomwagwa juzi. Hasara ya namna hiyo huangukia kwenye bima ya hatari zote za ujenzi, ambayo hukinga kazi, vifaa na mali iliyopo eneo la mradi mpaka jengo likabidhiwe. Njia ya pili ni ufundi mbovu: mchoro ulikuwa sahihi, lakini saruji ilipunjwa au nondo ziliwekwa kwa nafasi pana kuliko ilivyoelekezwa. Kosa hilo mkandarasi hutakiwa kulirekebisha kwa fedha zake, hasa likibainika katika kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 12 baada ya kukabidhi, na akikataa mwenye mradi hutegemea fedha alizozizuia au dhamana ya utekelezaji iliyotolewa na benki au kampuni ya bima. Dhamana hiyo si bima ya mkandarasi, kwa sababu aliyeitoa akishalipa humgeukia mkandarasi na kumdai arudishe.

Njia ya tatu ni ile ambayo zege lilikuwa imara, nondo zilikuwa kamili, na kila fundi alifuata mchoro, ila mchoro wenyewe ulikadiria mzigo mdogo kuliko ule wa tani 3. Hapo bima ya hatari zote za ujenzi kwa kawaida hukataa kulipia gharama ya kusahihisha usanifu mbovu, bima ya dhima kwa watu wengine husubiri mpaka mtu aumie au mali ya mtu mwingine iharibike, na bima ya dhima ya kitaaluma ndiyo pekee iliyoandikwa kwa ajili ya kosa la aina hiyo. Mkandarasi asiye nayo hulipa kutoka mfukoni, na akishindwa, hasara humrudia mkulima mwanachama ambaye mahindi yake hayana pa kuhifadhiwa.

Mfano huo una mwenzake katika kumbukumbu za mahakama. Katika shauri la Greaves dhidi ya Baynham Meikle, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1975, mkandarasi aliyechukua kazi yote ya kusanifu na kujenga ghala aliwaajiri wahandisi wasanifu sakafu ya ghorofa itakayopitiwa na magari ya kunyanyulia mapipa ya mafuta, na sakafu ikapasuka kutokana na mtikisiko wa magari hayo. Mkandarasi aliwajibika kwa mwenye ghala, kisha akawadai wahandisi wake na kushinda. Mwaka 1980, katika shauri la mnara wa televisheni wa Emley Moor ulioanguka Machi 1969 kwa sababu ya barafu na upepo, mahakama ya juu ya Uingereza ilimwajibisha mkandarasi mkuu kwa usanifu wa kizembe wa mkandarasi wake mdogo. Maamuzi ya namna hiyo hayazifungi mahakama za Tanzania, lakini huwa na nguvu ya kushawishi, na fundisho lake ni kwamba kumpa mwingine kalamu hakumwondolei mkandarasi dhima.

Ahadi inayozidi bima

Mtego mkubwa zaidi umo katika maneno ya mkataba. Mhandisi au mbunifu anayeajiriwa peke yake kwa kawaida huahidi kutumia ujuzi na uangalifu unaostahili, hivyo kazi ikiharibika, mdai lazima athibitishe kwamba alizembea. Mkandarasi anayesanifu na kujenga mara nyingi hutakiwa kuahidi zaidi, kwamba jengo litafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa, na ahadi hiyo huvunjwa pale jengo lisipofaa, hata kama hakuna aliyezembea. Kitabu cha njano cha FIDIC, yaani mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri kwa ajili ya miradi ya kusanifu na kujenga, kina sharti la namna hiyo, na toleo lake la mwaka 2017 linamtaka mkandarasi awe na bima ya dhima ya kitaaluma kwa sehemu anayoisanifu.

Bima nyingi za dhima ya kitaaluma, kwa upande wao, hulipia uzembe tu na kuondoa waziwazi ahadi ya kufaa kwa matumizi, adhabu za kuchelewesha kazi, na dhima yoyote ambayo isingekuwepo kama mkataba usingeitaja. Mkandarasi wa Sumbawanga anayetia saini sharti zito kuliko bima yake ameacha pengo ambalo yeye mwenyewe ndiye mlipaji. Njia salama ni kumpelekea dalali wa bima rasimu ya mkataba kabla ya kutia saini, kisha ama sharti lilegezwe liwe la ujuzi na uangalifu, ama bima ipanuliwe kwa nyongeza ya ada. Ikumbukwe pia kwamba bima hii haifuti jinai. Kuporomoka kwa jengo la ghorofa 16 katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, kuliua watu 36, na katika misiba kama hiyo hakuna ada ya bima inayoweza kumkinga mtu dhidi ya mashtaka, wala bima hailipii kosa lililofanywa kwa makusudi.

Bima inayohesabu siku ya dai

Jambo jingine linalowaponza wengi ni wakati. Bima ya moto huangalia siku ambayo moto uliwaka, lakini bima ya dhima ya kitaaluma karibu kila mara huangalia siku ambayo dai lilitolewa. Mkandarasi aliyechora ghala mwaka 2021, akaacha kulipia bima mwaka 2023, kisha akaletewa barua ya madai mwaka 2025, hana kinga, ingawa alikuwa na bima halali siku alipochora. Kwa kuwa Sheria ya Ukomo wa Madai inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, mkandarasi anayejali jina lake huihuisha bima kila mwaka kwa angalau muda huo baada ya kukabidhi kazi, na anayestaafu au kufunga kampuni hununua kinga ya baadaye kwa ajili ya kazi za zamani. Hati yenyewe hutaja pia tarehe ya nyuma, ambayo kazi zilizosanifiwa kabla yake hazikingwi, na humtaka mwenye bima atoe taarifa mapema mara anapoona dalili za tatizo, hata kabla hajadaiwa.

Kiwango cha kinga nacho hustahili kusomwa kwa makini. Hati yenye kikomo cha shilingi milioni 500 kwa kila dai si sawa na yenye kikomo hicho kwa mwaka mzima, kwa sababu madai mawili ya milioni 300 kila moja yatalipwa yote katika hati ya kwanza, ilhali katika hati ya pili dai la mwisho litabakiwa na milioni 200 tu. Sehemu ya kwanza ya kila hasara hubebwa na mwenye bima mwenyewe, na gharama za wanasheria huweza kuhesabiwa ndani ya kikomo au nje yake.

Mkandarasi mdogo huenda akauliza kama ada hiyo inabebeka. Jibu liko katika kugawa jukumu kwa uaminifu: asiye na mhandisi aliyesajiliwa haruhusiwi kisheria kusanifu kazi ya kihandisi, na mtoa bima akigundua kwamba alifichwa jambo hilo anaweza kukataa kulipa, kwa kuwa bima husimama juu ya nia njema kamili ya pande zote mbili. Basi na aajiri mhandisi au mbunifu mwenye usajili na bima yake mwenyewe, aweke kwenye mkataba wao masharti yaleyale aliyopewa na mwenye mradi, na kila mwaka adai nakala ya hati iliyohuishwa. Kwa upande wa chama cha ushirika, parokia au shule, ni haki yao kuiomba hati hiyo kabla ya kutia saini, kuhakiki kwamba mtoaji wake ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na kusoma inakinga nini, kwa kiasi gani na hadi lini. Mwenye mradi anayeuliza maswali hayo humsaidia mkandarasi mwaminifu, kwa sababu gharama ya bima huingia katika bei ya zabuni mbele ya macho ya wote, na yule aliyekuwa akishinda kwa bei ya chini kwa kuiacha kinga hiyo hana tena pa kujificha.